Bomba Kupita kwa Bibi Philomena

Singe, Babati
14 Januari 2024

Mwanangu mpendwa Evelyne,

Habari za siku nyingi, na habari za huko Mbinga? Natumaini barua hii itakukuta mzima na wagonjwa wako wanapona kuliko wanavyougua. Sisi hapa hatujambo. Mguu wa mama yako umetulia, mahindi yamefika magotini, na mbwa wa jirani bado hajanizoea tangu nistaafu tukahamia huku.

Najua utajiuliza kwa nini sipigi simu. Kwenye simu mimi na wewe tunakatizana, kisha mmoja wetu anasema mtandao unasumbua, wakati mtandao hausumbui hata kidogo. Barua haikatizwi. Utanisoma mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Nimechaguliwa katibu wa kamati ya maji ya mtaa. Nilikuwa nimetoka kidogo kwenda kujisaidia, niliporudi nikakuta watu wanapiga makofi. Kisima kirefu kimeshachimbwa kule juu, tanki limejengwa. Kilichobaki ni bomba la kushusha maji kwa watu, kaya sitini na nane, na bomba hilo lazima lipite katikati ya shamba la Bibi Philomena, mama yake Modesti. Kuzunguka haiwezekani. Kule kwingine kuna mwinuko.

Mwenyekiti wa mtaa alikwenda kumwomba, akajibiwa neno moja: "Mwalimu." Basi nikaenda. Nilivaa koti. Nikamweleza kwa Kiswahili fasaha faida za maji kwa afya, kwa elimu ya mtoto wa kike na kwa taifa. Alikuwa anapepeta maharage, hakuinua kichwa. Nilipomaliza akaanza Kimbulu, dakika tano nzima, mkono unanyooka mara kwangu, mara upande wa shule, mara mbinguni. Nilikuwa na jirani yetu Anselmi, awe mkalimani.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

Anselmi akakuna shingo. "Amesema hapana."

"Dakika tano zote?"

"Amesema hapana kwa urefu, Mwalimu."

Nilipombana zaidi akaongeza kwamba bibi atazungumza na mimi siku nitakayozungumza naye kwa lugha yake, na kabla ya hapo tusimpotezee muda, ana maharage.

Mwanangu, miaka thelathini na mitatu nimefundisha Kiswahili katika mji huu. Nimepokea Wambulu, Warangi, Wabarbaig, Wafyomi, Wanyaturu, wengine hawajui hata kuomba ruhusa ya kwenda nje, wakaniacha wakiwa Watanzania. Nchi hii imesimama kwa sababu mtu wa Babati anaelewana na mtu wa Mbinga. Leo kaya sitini na nane zikose maji kwa sababu bibi mmoja ameamua kuturudisha kwenye ukabila? Wewe unahudumia watu wabishi kila siku. Nishauri. Na kama kuna kifungu cha sheria unakijua, nitumie.

Ni mimi baba yako,
Elineema


Mbinga
3 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye umfikishie shikamoo yake, umwambie aendelee kuukanda ule mguu hata kama umetulia. Mimi mzima, ni mvua tu huku haikati. Barua yako ilifika imelowa, nikaikausha juu ya jiko, nikaisoma nikicheka hadi muuguzi mwenzangu akaja kunishika paji la uso.

Sheria siijui. Ninacho kitu kingine cha kukuambia, ila kwanza tafuta kiti.

Umekaa?

Baba, mimi najua Kiiraqw. Na si cha kuombea maji. Nilikijua kabla sijajua kusoma. Tulikuwa tunakizungumza nyuma ya nyumba za walimu, kisimani, na njiani nikienda kuchukua maziwa kwa huyo huyo Bibi Philomena. Tena mimi ndiye nilikuwa mlinzi. Mnyororo wa baiskeli yako ulikuwa unalia, nikiusikia tu napiga mluzi, watoto wote tunahamia Kiswahili. Ukifika unatukuta tunaulizana "hujambo", "sijambo", "na wewe hujambo", kama watu waliokutana hospitali. Ulikuwa unafurahi sana.

Ukitaka nitakufundisha kwa barua. Masharti yangu ni mawili. La kwanza, usiseme tena Kimbulu. Mbulu ni mahali, lugha ni Kiiraqw. La pili, mwalimu ni mimi, kwa hiyo usinirudishie barua zangu zikiwa na masahihisho ya wino mwekundu kama ulivyofanya nilipokuwa chuoni.

Somo ndilo hili. Bibi mwite *aama*. Maji ni *ma'ay*. Hapo katikati unaikata sauti kama mtu aliyeshtuka. Ng'ombe ni *slee*. Ulimi unauweka juu kama wa kusema "l", halafu unapuliza pembeni. Usianze na maji. Anza na ng'ombe wake, watoto, mvua, shamba, mpaka yeye mwenyewe akuulize umefuata nini. Sentensi zote nimeziandika kwenye karatasi ya pili. Jifungie chumbani ujizoeze.

Mwanao akupendaye,
Evelyne


Singe, Babati
25 Februari 2024

Mwanangu Evelyne,

Marahaba. Salamu zako zimefika, na mguu unakandwa.

Nilikaa kama ulivyoagiza. Kisha nikasimama, kisha nikakaa tena. Nikamwita mama yako nimweleze binti yake alikuwa anafanya nini nyuma ya nyumba za walimu. Hakuacha kuchambua mchele. Akasema, "Baba Evelyne, kwani miaka yote hiyo ulidhani maharage sokoni nanunua kwa Kiswahili?"

Kwa hiyo katika nyumba yangu mgeni nilikuwa mimi peke yangu. Nimegundua hata mbwa wa jirani anaitwa kwa Kiiraqw, ndiyo maana kila nikimfukuza ananitazama tu.

Nimejizoeza. Hiyo "sl" imenipa shida, nikawa nafuta mate kwenye kioo kila baada ya sentensi. Mama yako alikuwa anapita dirishani akisema "bado" bila hata kusimama. Nilimwambia basi anifundishe yeye, akasema hawezi kumfundisha mwalimu, alishaolewa naye inatosha.

Jumanne nikaenda, bila koti. Nikasema *aama*, akainua kichwa. Nikamuuliza habari za ng'ombe, akajibu. Habari za mvua, akajibu. Majibu sikuyaelewa, lakini nilitikisa kichwa palipostahili. Halafu akaniuliza kitu, na nikajua hapa ndipo nimeulizwa nimefuata nini. Karatasi yako nilikuwa nayo mfukoni ila niliona aibu kuitoa. Nikakusanya maneno yote niliyokuwa nayo, nikayasema kwa sauti ya darasani.

Anselmi, aliyekuwa amesimama uani, akageukia ukutani mabega yakamtetemeka. Baadaye alinieleza nilichosema: kwamba mimi ni ng'ombe na nimekuja kunywa maji.

Bibi Philomena alicheka, mwanangu. Alicheka akaweka ungo chini, akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Kisha akaingia ndani akatoka na ndoo ya maji, akaiweka mbele yangu, chini. Nifanye nini? Niliinama nikachota kwa mikono nikanywa. Akacheka upya.

Nikiondoka alisema maneno mafupi. Anselmi anasema ni haya: "Huyu ng'ombe arudi kesho."

Nitumie somo la pili, na uweke sentensi ya kusema kwamba mimi ni mtu.

Baba yako,
Elineema


Mbinga
16 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini nyote wazima. Mimi nilikuwa na mafua, yameisha.

Somo la pili liko nyuma ya karatasi hii, na sentensi ya kwamba wewe ni mtu ni ya kwanza. Lakini leo nina maneno mengine, na kwa kuwa barua haikatizwi, nayasema yote.

Mwezi uliopita aliletwa hapa zahanati bibi mmoja wa Kimatengo. Nilimhoji kwa Kiswahili. Panauma wapi? Hapa? Hapa? Kila nilipogusa alisema ndiyo. Niliandika maumivu ya mwili mzima. Akaja dada wetu wa usafi, akaegemea fagio, akamsemesha kwa Kimatengo kama anamsalimia tu, na yule bibi akamwambia kila kitu: sikio, tangu mavuno ya kahawa. Aliniitikia mimi "ndiyo" kwa heshima, Baba. Aliona nimesoma. Sasa najifunza Kimatengo kwa huyo dada, na wananicheka kama unavyochekwa wewe.

Usiku ule... hapana, tuseme siku ile nzima, nilimfikiria bibi yangu, mama yako. Tulipokwenda Usangi mara ya mwisho alinishika mkono akazungumza nami kwa Kipare muda mrefu sana. Wewe na Mama Kipare mlikificha kwa ajili ya siri zenu za chumbani, mimi sikuelewa hata neno. Nilikuuliza amesema nini, ukajibu, "Anakusalimu." Baba, wewe na Anselmi mmefanana. Alisema nini?

Na jambo la tatu. Hukujiuliza kwa nini Bibi Philomena alikutaka wewe peke yako, Mwalimu? Unakikumbuka kibao? Kile cha mbao chenye kamba, ulichokiandika mwenyewe kwa mwandiko mzuri: MIMI NI MSHAMBA, NAONGEA KILUGHA. Aliyekivaa hakivui mpaka amtaje mwingine aliyemsikia akiongea kilugha. Muulize bibi kuhusu Modesti. Muulize ukiwa peke yako, usimchukue Anselmi. Anselmi anafupisha.

Mwanao,
Evelyne


Mbinga
20 Mei 2024

Baba,

Shikamoo. Hamjambo huko? Miezi miwili sasa sijapata barua. Nimempigia Mama, anasema hujambo ila "ana kazi". Kazi gani, hasemi. Devotha wa dukani ameniandikia kwenye simu kwamba umeonekana kwa Bibi Philomena ukivuna maharage, umevaa kofia ya kike yenye maua. Nimemjibu kwamba si wewe. Akatuma picha.

Kama nilikukosea kwa barua ile, niambie. Kama hukukasirika, niambie pia.

Mwanao,
Evelyne


Singe, Babati
2 Juni 2024

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wazima, na kofia ni ya mama yako, jua lilikuwa kali.

Sikukasirika. Niliona aibu, na mimi aibu nimeanza kuijua uzeeni, kwa hiyo nilikuwa sijui inaandikwaje.

Nilikwenda peke yangu. Bibi Philomena hakutaka tuongee tumekaa, alinipa jembe. Kwa hiyo masomo yangu yamekuwa shambani. Akisema neno, namwonyesha kitu. Nikikosea, ananirushia ganda la haragwe. Nimeshajua majani yote yanayoota kati ya maharage na mahindi, na matusi mawili. Wiki ya saba ndipo niliweza kuuliza: Modesti alifanya nini? Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mtu uji, akirudia mpaka nione kwamba nimeelewa.

Nilikuwa nimesahau. Hilo ndilo linaloniumiza. Kwangu alikuwa mtoto mmojawapo. Modesti alivaa kibao darasa la tano siku mbili, tatu, wiki nzima, wiki ya pili, kwa sababu alikataa kutaja mtu. Nilimwambia ataje jina moja tu avue. Akanyamaza. Niliona ni kiburi, nikamwongezea kudeki. Jumatatu moja hakuja. Nikaandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio, nikaendelea na somo la ngeli.

Bibi anasema mwanawe alikuwa na jina la kutaja. Kulikuwa na mtoto aliyesema Kiiraqw kwa sauti mstarini, pembeni yake kabisa. Alikataa kumtaja kwa sababu mtoto huyo alikuwa anakuja kwao kuchukua maziwa, na baba yake alikuwa mkali.

Evelyne, ni wewe?

Nilikuwa nawaunganisha watoto wa nchi hii, ndivyo nilivyojiambia. Kumbe nilikuwa nawanyamazisha wote kwa pamoja, na ukimya wao nikauona ni umoja.

Umeniuliza bibi yako wa Usangi alisema nini. Alisema mengi, kuhusu mashamba, kuhusu babu yako, kuhusu jina ulilopaswa kupewa. Mwishoni alisema, "Mjukuu wangu, una masikio kama yangu, ila hayanisikii. Mwambie baba yako kuyafundisha ni kazi yake." Ningekutafsiriaje maneno hayo, wakati nimesimama pale pale? Nikasema anakusalimu.

Bomba bado. Mkutano wa mtaa utakuwa Julai, baada ya mavuno.

Baba yako,
Elineema


Mbinga
19 Juni 2024

Baba yangu,

Shikamoo.

Ni mimi.

Nilisema kwa sauti kwa sababu nyuki alikuwa kwenye nywele za Modesti, nikamwonya. Lugha iliyonitoka haraka ndiyo hiyo. Ukageuka ukauliza nani, na yeye kibao kilikuwa tayari kiko shingoni. Alichotakiwa ni kuninyooshea kidole tu. Alitazama mbele. Mimi pia nilitazama mbele, Baba, na niliendelea kutazama mbele siku zote zile nikimwona anadeki.

Umewahi kuniuliza kwa nini nimeomba kazi mbali hivi na kwa nini siji nyumbani. Nilikuacha uamini ni wewe tu. Nusu yake ni kwamba kila nikishuka stendi ya Babati naogopa kukutana na Modesti.

Asante kwa maneno ya bibi. Nimeyabandika juu ya kitanda.

Mwanao,
Evelyne


Singe, Babati
14 Julai 2024

Mwanangu Evelyne,

Marahaba sana. Tuko salama. Mahindi yameingia ndani, na mama yako anakusalimu kwa Kiiraqw, maana sasa ameacha kujificha.

Jana ulikuwa mkutano. Walikuja wengi kuliko siku ya uchaguzi, nadhani Anselmi alishawaambia mwalimu ataongea. Nilisimama. Modesti alikuwa nyuma kabisa, ameegemea pikipiki. Siku hizi ni fundi bomba kule Bonga. Umri umemfanya mpana. Nikasema kwa Kiiraqw, bila karatasi. Nilisema nilitundika kibao kwenye shingo za watoto wa watu, nikamtaja Modesti kwa jina, nikaomba msamaha. Nilikosea mahali pengi. Hakuna aliyecheka, hata Anselmi.

Modesti alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akawasha pikipiki akaondoka.

Nikabaki nimesimama. Ndipo akainuka mzee mmoja wa Kirangi, akasema kama leo kilugha kimeruhusiwa na yeye ana neno, akalisema kwa Kirangi, robo saa. Mchaga wa duka la mabati akajibu kwa Kichaga, ingawa hakuwa ameelewa alichokuwa anakijibu. Mbarbaig mmoja akaongea amesimama kwa mguu mmoja, akamaliza, akabadili mguu akaongea tena. Mama yako, mwanangu, mama yako alisimama akaongea Kipare hadharani, na aliyoyasema juu yangu namshukuru Mungu tulikuwa wawili tu tulioelewa. Anselmi alijitolea kutafsiri lugha zote, mbili kati ya hizo hazijui. Mwenyekiti aliandika muhtasari wa mistari miwili akaacha kalamu.

Lakini watu walisema mambo, Evelyne. Mikutano yote iliyopita tulikuwa tunasema "tunaunga mkono hoja" tunakwenda nyumbani. Jana nimejua nani anahofia maji yatafika kwa walio barabarani tu, na nani bado ana kinyongo cha mpaka wa shamba. Kila mmoja alipomaliza alirudia mwenyewe kwa Kiswahili, polepole, ili jirani apate.

Saa kumi na moja jioni Bibi Philomena akainuka. Nikajiandaa kumtafsiria mwenyekiti, nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo. Bibi akakohoa, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha redio:

"Ndugu wananchi, jua linakwenda. Sasa tuongee Kiswahili tumalize."

Nilimtazama Anselmi. Anselmi alitazama viatu vyake.

Akasema bomba lipite, lifukiwe vizuri, na kituo kimoja kiwe ukingoni mwa shamba lake. Watu wakapiga makofi. Nikamfuata, nikamuuliza, "Aama, muda wote huu ulikuwa unajua?" Akanijibu, "Mwalimu, na wewe ulikuwa na ulimi wa kusema Kiiraqw muda wote huu."

Nikamshukuru kwa msamaha. Akasimama akanigeukia. "Mimi nimetoa njia ya bomba," akasema. "Ya Modesti ni ya Modesti."

Baba yako,
Elineema


Mbinga
30 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Nimesoma mara tatu. Nimefurahi kwa bomba, nimecheka kwa Mama.

Modesti je?

Mwanao,
Evelyne


Singe, Babati
18 Agosti 2024

Mwanangu mpendwa Evelyne,

Marahaba, mwanangu. Natumaini mzima wewe na yule dada wa fagio. Sisi tuko vizuri, tena leo nakuandikia nimeoga maji ya kutosha. Yalitoka jana asubuhi. Kwanza ulitoka upepo, bomba likapiga kelele watoto wakakimbia, kisha tope jekundu, kisha maji. Mwenyekiti alikuwa na hotuba lakini ndoo zilimzidi nguvu.

Umeuliza kuhusu Modesti.

Mtaro tuliuchimba wenyewe, kila kaya kipande chake. Changu kilikuwa pale pale kwa Bibi Philomena. Siku ya tatu Modesti alikuja na mkoba wa spana. Fundi aliyekuwepo alikuwa ameunga bomba vibaya. Hakunisalimu. Akashuka mtaroni, akakata pale palipokosewa, akaanza upya. Mimi nikawa nachimba mbele, yeye anaunga nyuma yangu. Siku ile ikaisha hivyo, na ya pili yake. Nilikuwa namsikia anavyopumua, na nilijua mtoto yule alipumua hivyo hivyo akiwa anadeki.

Siku ya tatu tangu aje, karibu na saa sita, nikaona siwezi. Nikaweka sururu chini, nikageuka, nikasema tena lile neno la kuomba msamaha, peke yake, bila hotuba. Hakuinua macho kwenye spana.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, "unakosea hapo mwanzo. Siku ya mkutano ulikosea hapo hapo. Sema tena."

Nikasema.

"Sivyo. Sauti inatoka chini zaidi. Tena."

Nikasema. Akakataa. Nikasema, akakataa, akanionyesha kwa kidole kwenye koo lake mwenyewe mahali inapotokea. Watu wa vipande vingine walikuwa wameacha kuchimba wanatutazama, wazazi wa wanafunzi wangu na wanafunzi wenyewe, wameshika makoleo. Nilisikia joto masikioni. Nilitaka kumwambia inatosha, nimeeleweka. Nikakumbuka mimi huwa nawaambia nini wanaosema hivyo. Nikasema tena. Akakataa. Sijui ilikuwa mara ya ngapi, sauti ilikuwa imeanza kunikauka, ndipo nikalisema na yeye akaacha spana akanitazama, kwa mara ya kwanza.

"Hapo umepata," akasema. "Haya. Kaa chini."

Nikakaa, mwanangu, pale pale kwenye udongo. Naye akakaa upande wa pili, miguu imeninginia mtaroni, akafungua kitambaa cha chakula alichopewa na mama yake, mahindi ya kuchemsha mawili. Moja akalivunja katikati. Akaniuliza kwa Kiiraqw, na nilielewa kila neno bila mtu kunitafsiria: "Yule wa nyuki atakuja lini?"

Nimjibu nini?

Baba yako,
Elineema